Barabara ikipita kwenu, kazi inarudi vipi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Haya ni maswali tunayoulizwa na watu wa komine (manispaa) za Ruashi, Katuba, Kampemba, Kenya na Annexe, na wanaouza kando ya reli pale Njanja, kila alama nyekundu ya kubomolewa inapopakwa kwenye kuta. Yanahusu jambo moja: mtu aliyehamishwa ili barabara, reli, mfereji, nguzo za umeme au uwanja wa ndege vijengwe, anarudije kupata chakula chake kwa mikono yake? Nyumba tumeigusia pale tu inapohusiana na kazi, maana habari za nyumba watu huzijua zaidi.

Nimelipwa nyumba yangu. Kwa nini mnasema bado kuna deni?

Kwa sababu nyumba ni kitu kimoja na kipato ni kingine. Mtu anapohesabiwa, wakala wa mradi anapima ukuta, anahesabu mabati, milango, miti ya maembe na parachichi. Anaandika, anapiga picha, anaondoka. Ambacho hakipimwi ni hiki: ulikuwa unalala hatua chache kutoka sokoni, wateja walikujua kwa jina, muuza unga alikukopesha gunia mpaka Jumamosi, na watoto walikwenda shule kwa miguu. Ukipelekwa mbali, kila kimoja katika hivyo kinakuwa gharama. Unalipa usafiri asubuhi na jioni, unanunua unga kwa fedha taslimu kwa sababu huko hakuna anayekujua, na mteja wa zamani amekwisha kumpata mwingine.

Tumeona familia zilizojenga nyumba nzuri kuliko ya kwanza, yenye sakafu ya saruji, kisha zikaiuza baada ya muda mfupi ili zile. Nyumba haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa mahali ambapo hakuna kazi.

Mwanasosiolojia Michael Cernea, aliyefanya kazi Benki ya Dunia miaka mingi, aliyapanga mambo yanayomfukarisha mtu aliyehamishwa katika hatari nane: kukosa ardhi, kukosa kazi, kukosa makao, kusukumwa pembeni katika jamii, kukosa chakula cha kutosha, magonjwa na vifo kuongezeka, kupoteza mali ya wote kama msitu na mto, na kuvunjika kwa ujirani. Soma orodha hiyo tena polepole. Nyumba ni moja tu kati ya nane. Malipo mengi tunayoyaona hapa kwetu yanajibu hiyo moja, na saba zilizobaki mwenye mzigo anaachiwa abebe mwenyewe.

Sheria ya Kongo inasema nini?

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 34, inasema mali ya mtu binafsi ni takatifu, na hawezi kunyang'anywa isipokuwa kwa faida ya wote, na baada ya kulipwa fidia ya haki inayotangulia. Neno la kushika hapo ni «inayotangulia». Kwanza fidia, halafu tingatinga. Kifungu hichohicho kinalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi, ya mtu mmoja au ya jamii.

Utaratibu wenyewe uko katika sheria namba 77-001 ya tarehe 22 Februari 1977. Uamuzi wa kuchukua mali unatangazwa kwenye Gazeti Rasmi na kupelekwa kwa mwenye mali, naye ana mwezi mmoja wa kuleta malalamiko yake tangu alipotia sahihi kuwa ameupokea. Wasipopatana, mambo yanakwenda mbele ya mahakama iitwayo tribunal de grande instance, ambayo inateua wataalamu watatu wa kukadiria. Hukumu ya fidia ikishatoka, malipo yasipofanyika ndani ya miezi minne, mwenye mali anaweza kudai uamuzi wa kumwondoa ufutwe. Sheria hiyo inataja pia haki za jamii za vijijini za kutumia ardhi ya Serikali.

Ila nisiwafiche udhaifu wake. Ni sheria ya kulipa mali. Inajua shamba, jengo, haki ya kutumia ardhi. Haina mahali inapomwamuru anayejenga arudishe kazi ya mtu mpaka isimame. Ndiyo maana swali la nani anaufadhili ujenzi lina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kwa nini niulize nani anafadhili?

Kwa sababu fedha huja na masharti. Mradi wenye fedha za Benki ya Dunia unafuata kanuni zake za mazingira na jamii zilizoanza kutumika Oktoba 2018, na ya tano kati ya hizo ndiyo inayohusu uhamishaji. Inataka maisha ya aliyehamishwa yaboreshwe, au angalau yarudi pale yalipokuwa kabla ya kuhamishwa au kabla ya mradi kuanza, papote palipokuwa juu zaidi. Miradi ya zamani ya Benki hiyo ilifuata kanuni namba 4.12 iliyotangulia. Benki ya Maendeleo ya Afrika ina kanuni yake, na kampuni binafsi zinazokopa kwa mabenki makubwa mara nyingi hufungwa na kanuni ya tano ya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalohudumia biashara binafsi.

Kazi ikilipwa na hazina ya mkoa au ya mji peke yake, unabaki na Katiba na sheria ya 1977, ukiongeza sheria ya mazingira namba 11/009 ya Julai 2011, inayodai uchunguzi wa athari na kusikilizwa kwa wananchi kabla ya kazi kubwa. Uchunguzi huo husimamiwa na Agence Congolaise de l'Environnement, ambayo watu wanaiita ACE.

Kumjua mfadhili si kazi ngumu. Bango lililo mwanzo wa kazi linaandika jina lake pale chini. Lisipokuwepo, omba nakala ya mpango wa uhamishaji, ule wanaouita PAR, kwa shefu wa kartiye (mkuu wa mtaa), kwa komine au kwenye ofisi ya mradi. Mpango huo unapaswa kuwa wazi kwa wote. Ukiambiwa ni siri, andika siku hiyo na jina na cheo cha aliyekujibu.

Sina karatasi ya parseli (kiwanja). Nina haki gani?

Swali hili ndilo tunaloulizwa kuliko yote, na wengi huliuliza kwa sauti ya chini kana kwamba wamefanya kosa. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, ardhi yote ni ya Serikali. Mtu anapewa haki ya kuitumia, inayothibitishwa na cheti cha usajili. Wakaaji wengi wa pembezoni mwa Lubumbashi hawana cheti hicho. Wana karatasi ya shefu, au stakabadhi ya mauzo yenye sahihi za mashahidi, au hawana kitu.

Kanuni za Benki ya Dunia zinawagawa watu katika makundi matatu. Wa kwanza wana haki iliyoandikwa kisheria. Wa pili hawana karatasi kamili, lakini dai lao linatambulika, kama la desturi. Wa tatu hawana haki yoyote juu ya ardhi ile. Hawa wa tatu hawalipwi ardhi, lakini wanalipwa kila walichojenga na kupanda, wanasaidiwa kuhama, na kipato chao kinapaswa kurudishwa kama cha wengine. Kwa hiyo ukisikia wakala anasema «wewe ni mvamizi, huna chako», kwenye mradi wa namna hiyo anakosea, na una haki ya kumwomba aliandike neno hilo kwenye karatasi.

Mimi nimepanga tu. Mimi nauza kwenye meza kando ya barabara. Je, nahesabiwa?

Ndiyo, nyote wawili. Mpangaji anapoteza makao na mara nyingi kazi aliyoifanyia palepale, awe kinyozi, mshonaji au fundi wa simu. Muuzaji wa mezani anapoteza mahali. Kuna mawakala wanaoihesabu meza tu kwa sababu mbao zinaonekana.

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za kuonyesha hesabu tu. Mama anauza mihogo, karanga na kapenta (dagaa) kwenye njia ya kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, pale malori yanapopunguza mwendo. Baada ya kutoa mtaji, usafiri na ushuru, anabaki na 15,000 franka kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 390,000. Akihamishwa, wateja wapya hawaji siku ya kwanza. Tuseme inachukua miezi minne mpaka auze kama zamani. Hasara inaweza kufika 1,560,000 franka. Meza yake ya mbao, pamoja na turubai, inauzwa 60,000. Akilipwa meza peke yake, ametiwa umaskini, na karatasi inaonyesha kwamba amelipwa.

Kama hana akiba, mtaji wenyewe unaliwa ndani ya wiki za kwanza. Ndiyo maana msaada wa kipindi cha mpito unapaswa kuja kabla meza haijaondolewa, si baada.

Nitathibitishaje kipato changu? Sikuwahi kuandika.

Anza leo. Chukua daftari la mwanafunzi, chora mistari mitatu: nilichonunua, nilichouza, kilichobaki. Andika kila jioni kabla ya kulala, hata siku mbaya. Mwezi mmoja ulioandikwa vizuri una nguvu kuliko mwaka wa kukumbuka. Siku ya mvua ambayo hukuuza kitu, andika sifuri. Daftari lenye sifuri huaminika kuliko daftari ambalo kila siku ni nzuri.

Zaidi ya daftari, tunza tiketi za ushuru wa soko, hata zilizochanika. Tunza ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money ulipowalipa waliokuletea mali. Usiufute ili kupata nafasi kwenye simu. Mwombe muuzaji wa jumla aandike kwa mkono wake kwamba unachukua kwake magunia mangapi kwa wiki. Kama uko kwenye likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, daftari la kikundi linaonyesha ulikuwa unatoa kiasi gani na kwa muda gani, na hilo ni ushahidi mzuri sana ambao watu hawafikirii kuuleta: mtu asiye na kipato hawezi kutoa likelemba kila wiki bila kukosa.

Piga picha ya mahali pako saa ya wateja wengi. Picha ya saa sita usiku, kibanda kikiwa kimefungwa, haisemi lolote.

Jambo jingine dogo linaloangusha wengi: jina. Kalata ya kupigia kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, inaandika jina kwa namna moja. Fomu ya mradi inaliandika kwa namna nyingine. Akaunti ya benki ina la tatu. Siku ya malipo mtu anarudishwa. Wakala anapokuandika, msimamie mpaka umalize kusoma jina lako herufi kwa herufi, na kama husomi, nenda na mtoto anayesoma. Usione haya.

Tarehe ya mwisho ya kuhesabiwa ni nini?

Ni siku inayotangazwa kwamba watakaojenga, kupanda au kuanza kuuza pale baada yake hawatahesabiwa. Ipo ili kuwazuia wanaokimbilia kujenga vibanda usiku baada ya kusikia habari. Ni haki, ilimradi itangazwe vizuri: redioni, kanisani, msikitini, kwa shefu wa kartiye, kwa Kiswahili. Tarehe iliyobandikwa kwa Kifaransa kwenye mlango wa ofisi haijatangazwa.

Ulikuwepo lakini siku ile ulikwenda Likasi kwenye msiba? Hujapoteza haki. Nenda na mashahidi wawili na uombe kuandikwa kama uliyesahaulika. Fanya haraka.

Tuchukue fedha au tudai ardhi?

Inategemea unakula kutoka wapi. Kwa anayelima, kanuni za kimataifa zinatanguliza ardhi kwa ardhi, na nadhani ziko sahihi kabisa. Fedha ya shamba huingia siku moja, na siku hiyohiyo ndugu wanajua. Karo, mgonjwa, deni la zamani, simu mpya ya kijana, basi. Msimu wa mvua unapofika Novemba hakuna pa kupanda mahindi.

Ardhi nayo ikaguliwe kabla ya kukubali. Nendeni wenyewe, pamoja na wazee wanaojua udongo na wanawake wanaojua maji yako umbali gani. Nendeni mwisho wa kiangazi, Septemba au Oktoba, wakati visima vinaonyesha ukweli wake. Shamba linalopendeza Februari linaweza kuwa jiwe tupu Septemba.

Kwa mfanyabiashara wa mjini, fedha inaweza kufaa zaidi, ikigawanywa: sehemu ya kuhama, sehemu ya kula wakati biashara inaanza, sehemu ya mtaji. Kulipwa mara moja kwa mkupuo ni rahisi kwa mradi. Kwa familia ni hatari.

Bustani zetu ziko bondeni, kando ya maji. Wanasema si mashamba.

Tunajua bustani za lengalenga (mchicha), matembele, kabichi na nyanya zinazofuata mito yetu, Kafubu, Naviundu na Lubumbashi. Zinalisha soko la Kenya na la Mzee Kabila kila asubuhi. Kwa sababu ni vipande vidogo visivyo na karatasi, mradi wa mfereji au wa barabara huzipita haraka.

Hesabu yake ina siri yake. Mahindi yanavunwa mara moja kwa mwaka. Lengalenga hukatwa baada ya wiki chache, hupandwa tena, na mwenye maji analima hata kiangazi, wakati bei iko juu. Wakilipa «mazao yaliyokuwepo siku ya kuhesabu», wamelipa mavuno ya mara moja tu. Dai mavuno ya mwaka mzima, na dai mahali penye maji. Ndoo na jembe vinapatikana popote. Maji ya kiangazi hayapatikani popote.

Na msisahau vitu vya wote: udongo wa matofali, majani ya kuezekea, kuni, uyoga na viwavi vya msituni wakati wake. Havina mwenyewe, kwa hiyo havina wa kuvidai, mpaka kartiye nzima ikae pamoja na kuviandika.

Wametuahidi mafunzo ya ushonaji na sabuni. Yanatosha?

Mara nyingi, hapana. Nasema hivi bila kuwadharau wanaofundisha. Wanawake arobaini wa kartiye moja wakifundishwa kutengeneza sabuni ileile, watamuuzia nani? Mafunzo yana faida pale yanapotanguliwa na swali la soko na kufuatwa na mtaji, vifaa, na mtu wa kurudi kuuliza mambo yanakwendaje baada ya miezi kadhaa. Cheti kilichotundikwa ukutani hakinunui unga wa bukari (ugali).

Mara nyingi njia nzuri zaidi ni fupi kuliko zote: kumrudishia mtu kazi aliyokuwa akiijua. Muuza samaki apewe mahali pazuri pa kuuzia samaki, penye paa, choo na maji, pale watu wanapopita. Fundi wa baiskeli apewe nafasi kwenye kituo kipya. Mradi unaojenga soko jipya uwasikilize wauzaji kabla ya kuchagua kiwanja, kwa maana masoko mazuri yasiyo na wapita njia hubaki matupu, na wauzaji wanarudi barabarani walikofukuzwa.

Na kazi ya ujenzi yenyewe? Daini vijana wenu waajiriwe, mkijua kwamba kazi hiyo inakwisha lami inapokauka.

Fedha iingie kwa jina la baba au la mama?

La wote wawili, inapowezekana, na sahihi za wote wawili. Kodi ya Familia (kitabu cha sheria za familia) ya mwaka 1987 ilirekebishwa kwa sheria namba 16/008 ya Julai 2016, na tangu hapo mke hahitaji tena ruhusa ya mume kufanya shughuli za kisheria. Mama mwenye biashara yake aandikwe kwa jina lake mwenyewe kwa biashara hiyo, hata kama nyumba iko kwa jina la baba. Wakala asiandike «mke wa fulani» na kuendelea.

Wajane, wazee wanaoishi peke yao na watu wenye ulemavu wanapaswa kuangaliwa kwa namna ya pekee katika mpango. Mzee asiyeweza kubeba mabati yake asiambiwe ana wiki mbili za kubomoa mwenyewe.

Kwa nini mnatukumbusha Kariba kila mara?

Kwa sababu iko karibu, na kwa sababu ilifuatiliwa kwa muda mrefu. Bwawa la Kariba kwenye mto Zambezi lilijengwa miaka ya 1950, kwa sehemu kubwa ili kupeleka umeme kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo, jirani zetu wa upande wa pili wa Kasumbalesa. Watonga wapatao 57,000 waliondolewa kwenye bonde lao. Mwaka 1958 waliokataa kuondoka walikabiliwa na polisi, na watu 8 waliuawa.

Elizabeth Colson na Thayer Scudder walianza kuwasoma watu hao mwaka 1956, kabla ya maji kupanda, na wakaendelea kwa miongo mingi. Walichokiona kinafanana sana na tunachokiona. Wengi walipelekwa kwenye ardhi kavu, wakaumwa, wakapata njaa miaka ya mwanzo. Wanawake waliokuwa na mashamba yao wenyewe kando ya mto waliyapoteza, na kwenye makao mapya ardhi iliyofyekwa ilikuwa ya wanaume. Ziwa jipya lilileta samaki, na kwa miaka michache uvuvi uliwainua wengi. Baadaye kapenta kutoka Tanganyika walipandikizwa humo, lakini kuwavua kunataka mashua kubwa na taa, na faida kubwa ikaenda kwa wenye mtaji.

Kwa hiyo mkiambiwa «mtafaidika na barabara», ulizeni: nani kati yetu, kwa chombo gani, kuanzia lini?

Itachukua muda gani mpaka nirudi nilipokuwa?

Mwenye meza ya mboga anaweza kurudi ndani ya miezi, akipewa mahali pazuri. Mkulima anahitaji angalau misimu miwili ya mvua, kwa sababu wa kwanza unakwenda kwenye kufyeka na kuujua udongo. Mwenye miti ya matunda anasubiri miaka. Mpango unaofunga vitabu miezi sita baada ya malipo haujui kitu kuhusu mkulima. Daini ufuatiliaji wenye kupima kipato, na kipimo kianze na hali yenu kabla ya kuhamishwa.

Anayetuhamisha ni mgodi, si barabara. Ni yaleyale?

Kuna njia tofauti. Kodi ya Madini (kitabu cha sheria za madini) ya mwaka 2002 ilirekebishwa na sheria namba 18/001 ya Machi 2018, na kanuni zake za utekelezaji zina nyongeza ya 18 inayohusu kuhamisha, kufidia na kuwakalisha upya watu walioguswa na mradi wa madini. Isomeni pamoja na mtu wa sheria. Kodi hiyo pia inadai kampuni itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii za karibu. Hiyo ni fedha nyingine. Isikubalike hata siku moja kwamba shule iliyojengwa kwa 0.3% ndiyo fidia ya shamba lako.

Kuna mtu anasema atatufuatilia malipo, tumpe asilimia.

Msimpe. Kuandikwa, kuhesabiwa na kulalamika ni bure kwa kila mradi wenye kanuni. Wakala anayeomba «kahawa» ili akuandikie mabati mengi zaidi leo ndiye atakayekataa kukujua kesho. Mwanasheria wa kweli ana ofisi, na anakuandikia mkataba.

Wamebomoa bila kulipa. Tufanye nini?

Siku hiyohiyo, kabla kifusi hakijazolewa: pigeni picha za kila kitu, mkionyesha kitu kinachotambulisha mahali, kama mti, kanisa au nguzo. Andikeni majina ya mashahidi. Andikeni barua moja ya wote, pamoja na orodha na sahihi, kwa mradi, nakala kwa komine na kwa ofisi ya gavana, na kila nakala mnayobaki nayo iwe na muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa.

Mradi unapaswa kuwa na kamati ya malalamiko. Anzeni hapo, mkiuliza mtajibiwa lini. Msisubiri bila mwisho.

Na kamati isipojibu?

Mnaweza kwenda kortini. Na kama fedha ni za Benki ya Dunia, lipo Jopo la Ukaguzi, lililoundwa mwaka 1993. Watu wawili au zaidi walioguswa wanaweza kuliandikia, kwa lugha yao wenyewe, bila mwanasheria, na wanaweza kuomba majina yao yasitajwe. Wanachotakiwa kueleza ni madhara waliyoyapata, na kwamba walikwisha kuijulisha Benki bila kuridhika. Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo ina chombo chake cha namna hiyo.

Haya si maneno ya vitabuni. Mwaka 2017 watu wa Kivu Kusini waliodhurika na kazi za barabara ya Bukavu kwenda Goma walipeleka shauri lao kwenye Jopo hilo. Kati ya malalamiko yao mlikuwa na mali na njia za kujipatia riziki zilizopotea, na ukatili dhidi ya wanawake. Novemba mwaka huohuo Benki ilisimamisha malipo ya kazi za ujenzi, na Jopo likafanya uchunguzi. Wananchi wa hapa kwetu, siyo wa mbali.

Mradi umefungwa na kampuni imeondoka. Tumechelewa?

Labda bado. Tangu mwaka 2020, Jopo la Ukaguzi linapokea mashauri hadi miezi 15 baada ya tarehe ya kufungwa kwa mradi. Tarehe hiyo ni ya kwenye karatasi za Benki, na mara nyingi huja nyuma sana ya siku mliyoona mashine zikiondoka. Tafuteni tarehe yenyewe kwenye ofisi ya Benki Kinshasa au kwenye tovuti yake, ambako kila mradi una ukurasa wake. Wakati huohuo kusanyeni madaftari, tiketi, picha na nakala zenye muhuri, na wawili wenu watie sahihi ombi la kwanza hata kama wengine bado wanaogopa. Majina yanaweza kuongezwa baadaye.